Koili ya shaba ya kupozea bia inaota ukijani stoo. Nyie mnasafisha na kuhifadhi vipi?

#1 KimeaTanga
Wakuu kwema? Naenda moja kwa moja. Napika bia nyumbani hapa Tanga, Raskazone, mwaka wa tatu huu, lita 20 kwa mpiko mmoja. Kazi zikiruhusu napika kila mwezi, zikibana naweza kukaa miezi mitatu sijagusa sufuria.

Kupoza natumia koili ya kuzamisha, bomba la shaba la inchi 3/8, mita 15, nimelikunja mwenyewe kwa kulizungushia ndoo ya rangi. Kwa ambao hawajawahi kuona, ile togwa ya shayiri ikishachemka na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) kama saa nzima lazima ipoe haraka kabla hujatia hamira, ukiiacha ipoe yenyewe usiku kucha wadudu wa hewani wanakuwahi. Kwa hiyo unazamisha koili kwenye sufuria, maji baridi yanaingia ncha moja yanatokea ya pili na joto lote, togwa na maji havikutani.

Sasa tatizo. Kila nikiitoa stoo naikuta imeota ukijani. Sio ile hudhurungi ya senti ya zamani, hiyo naijua wala hainisumbui. Hiki ni kijani kibichi kinachoelekea bluu, unga unga, ukipitisha kidole unabaki na vumbi chini ya kucha. Kimejaa zaidi kwenye ncha mbili pale mipira inapofungwa na klipu, na kuna vidoa kwenye mizunguko ya chini. Safari hii ilikaa miezi mitatu, toka masika yanaanza mpaka sasa kusi imeshika.

Ninavyofanya: nikimaliza naisuuza maji ya bomba, naisugua kwa ndimu mpaka ing'ae, naikung'uta, naifunga kwenye salfeti, stoo. Na bia ya mwisho ilitoka na ladha ya chuma, kama umelamba funguo. Nimeimwaga lita 20 zote na roho iliniuma sana.

Nataka kujua ukijani huu ni nini, unatoka wapi, na wenzangu mnafanyaje.

#2 sahare_boy
Tanga kunani tena jamani, watu wanapika bia Raskazone sisi wa Sahare hatuna habari, halafu tunakuja kuambiwa imemwagwa. Natandika mkeka hapa.

#3 fundi_barabara12
Mimi pombe sinywi wala sitaki kujua inavyopikwa, ila shaba ndio ugali wangu, friji na AC toka 2004. Ndugu yangu adui yako ni bahari. Fundi yeyote wa AC Tanga atakwambia, mashine ya nje ukiifunga Raskazone ufukweni na ukiifunga Pongwe mbali na bahari hazizeeki sawa hata kama zimetoka katoni moja. Upepo unaleta chumvi, chumvi inakaa juu ya shaba, usiku inavuta unyevu, asubuhi inakauka, usiku tena inalowa, hivyo hivyo kila siku ya Mungu.

Na angalia bomba jipya likija dukani, ile roli ya mita 15, ncha zote mbili zimezibwa vifuniko vya plastiki. Ule sio urembo, ndani wamekausha halafu wakaziba. Wewe unasema unaikung'uta. Bomba lenye mizunguko mingi hivyo huwezi kulikausha kwa kulikung'uta, maji yamelala humo humo kwenye mikunjo ya chini.

#4 baridi_lushoto
Fundi nakuheshimu ila kwangu mtuhumiwa wa kwanza ni ndimu. Asidi imeng'arisha, haijasuuzwa yote, shaba iko uchi kabisa, inakwenda kufungwa kwenye mfuko na unyevu. Hapo hata ukiwa Lushoto mbali na bahari itaota tu. Imenitokea na siki, mwaka wangu wa kwanza.

Siku hizi siing'arishi kabisa. Maji ya mwanzo yanayotoka kwenye koili wakati wa kupoza yana moto wa kutosha kuunguza mkono, nayakinga kwenye beseni. Koili ikitoka kwenye togwa inaingia beseni hapo hapo ikiwa bado mbichi, naipitishia kitambaa laini, basi. Ule utelezi wa sukari na hopsi ukiuwahi hauhitaji kusuguliwa. Ukiuacha mpaka kesho ndio utatafuta stiliwaya, na stiliwaya inaacha michirizi ambayo uchafu unajificha. Rangi ya hudhurungi iache, hiyo ndio nguo ya shaba.

(Kwa wale wa pwani, maji ya bomba huku mwezi wa saba yanapoza lita 20 kabla sijamaliza chai.)

#5 Bi Dele
Wanangu asalaam aleikum. Sina habari za bia ila shaba nimezaliwa nayo. Mama yangu Mungu amrehemu aliuza kahawa Ngamiani, madele, yale mabirika ya kahawa, yalikuwa sita, na kazi ya kuyasugua ilikuwa yangu kila Ijumaa. Ukwaju umerowekwa, majivu ya kuni yamechekechwa, unasugua kwa kumbi la nazi. Kisha maji mengi, maji mengi mno, unafuta kwa kitambaa kikavu halafu juani mpaka chombo kipate moto ukikishika. Shaba haikosheki ikawekwa kabatini siku hiyo hiyo bila kuona jua. Sikumbuki kuona ukijani kwenye madele ya mama hata siku moja na nyumba yetu ilikuwa inasikia mawimbi.

Na jingine, dele kwa ndani linapigwa bati. Ukijani wa shaba ni sumu, ule ni mrututu. Sasa nyie nani kawaambia mpikie shaba tupu?

#6 Mwl_Kemia
Shikamoo bi mkubwa. Naomba nirekebishe kidogo kwa heshima. Mrututu ni salfeti ya shaba, ile ya bluu ambayo wakulima wanachanganya na chokaa kupulizia ukungu. Ukijani wa koili ni ndugu yake lakini sio huo. Na wenyewe hauko wa aina moja. Shaba na unyevu na hewa ya kawaida unapata kaboneti. Shaba na chumvi ya bahari unapata kloridi. Shaba na siki unapata asetati, na huu ndio unaoyeyuka kirahisi zaidi kwenye maji, yani ndio unaoingia kinywani upesi. Macho peke yake hayatofautishi.

Kwenye sumu bi mkubwa yuko sahihi kabisa, ukijani usiingie kwenye sufuria. Hudhurungi ni oksaidi, togwa ya shayiri ina asidi kidogo, pH kama 5.2 mpaka 5.5, kwa hiyo ukizamisha koili ya hudhurungi kwenye togwa inayochemka inatoka inang'aa. Ile oksaidi imeyeyuka humo. Kiasi hicho ni kidogo, hamira yenyewe inaihitaji shaba kidogo na inaifyonza, sehemu kubwa inazama na mashapo. Na viwanda vya bia Ulaya vilipikia kwenye masufuria ya shaba tupu miaka mingi sana.

KimeaTanga fanya hivi, kwangua huo unga kidogo kwenye kisahani, dondoshea siki. Ukitoa povu ni kaboneti. Usipotoa povu, tafuta chumvi au asidi.

#7 KimeaTanga
Nimewasoma wote, asanteni. Bi Dele shikamoo. Ndimu natumia kweli na kusuuza ni mara moja tu, nakiri. Ndani ya bomba sijawahi kukausha hata siku moja, sikuwahi kufikiria kwa sababu togwa haipiti ndani.

#8 MtuWaKaole
Bagamoyo hapa. Fundi, bahari naiona nikifungua dirisha, koili yangu ina miaka minne na haina hata kidoa kimoja cha kijani. Sasa kama ni upepo, wangu unavuma upande gani? Mimi naning'iniza tu ukutani nyuma ya friji, ncha zote zimeangalia chini, pale nyuma pana kijoto muda wote.

Kosa langu lilikuwa jingine na nalisema ili mtu asije kurudia. Mwanzoni niliona jiki inaua kila kitu, nikailaza koili kwenye jiki usiku mzima. Asubuhi nyeusi kama mkaa. Nikasema ngoja niirudishe kwa siki, nikamwagia siki humo humo kwenye ndoo yenye jiki. Ile hewa iliyotoka niliisikia kooni kabla ya puani, nikatoka mbio nikakaa chini ya mwembe nakohoa kama robo saa. Ni gesi ya klorini ile. Jiki na siki, jiki na ndimu, jiki na asidi yoyote, msichanganye kamwe hata kama mnasuuza kwenye beseni moja.

#9 fundi_barabara12
Kaka wa Kaole umejijibu mwenyewe. Nyuma ya friji ni pakavu sababu ya joto. Bahari peke yake haifanyi kitu bila unyevu. Sijabadilisha kauli.

#10 ChumaSafi
Mnateseka bure, hamieni stenlesi. Haioti kijani, unaitupa popote.

#11 baridi_lushoto
Haitupwi popote. Jiki inaitoboa stenlesi vizuri tu, vishimo vidogo vidogo, na hapo Tanga maji ya chumvi pia yanaitoboa polepole. Halafu shaba inapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko stenlesi.

#12 ChumaSafi
Hiyo mara 20 ni ya kwenye vitabu mkuu, ukuta wa bomba ni mwembamba sana kwa hiyo kwenye sufuria tofauti inakuwa ndogo. Mimi ninazo zote mbili, stenlesi inachelewa dakika chache tu. Ila kwenye jiki nakubali, natumia maji ya kuchemka.

#13 baridi_lushoto
Sawa hapo umenirekebisha. KimeaTanga nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. Ndani ya hiyo koili unapitisha maji gani hasa?

#14 KimeaTanga
Maji ya bomba hapa kwangu kipimo hakishuki chini ya nyuzi 28, hata ukiyapitisha mpaka kesho togwa haitafika 20. Kwa hiyo nafuata barafu Deep Sea kwa wauza samaki, naiweka kwenye pipa na maji, natia chumvi ya mawe kilo mbili tatu ili baridi ikaze kama wanavyofanya wauza aiskrimu, halafu kipampu kidogo kinazungusha maji ya pipa kwenye koili.

#15 fundi_barabara12
Subhanallah. Ndugu yangu umetuacha tunabishana juu ya upepo wa bahari na wewe bahari umeitia ndani ya bomba kwa mkono wako! Maji ya chumvi yamepita, umekung'uta, yaliyobaki yamekauka yakaacha chumvi tupu, na chumvi hiyo imekaa miezi mitatu.

#16 sahare_boy
Na ni maji ya barafu ya vibua hayo. Mkeka wangu nausogeza karibu.

#17 baridi_lushoto
Ngoja kwanza fundi. Chumvi imepita ndani, ukijani uko nje. Unaelezaje?

#18 fundi_barabara12
Kwenye klipu. Kasema mwenyewe umejaa kwenye ncha. Klipu zile zinavuja matone, tone linateremka linafuata bomba mpaka mzunguko wa chini, linakaa hapo. Na klipu yenyewe ni chuma, chuma kikigusa shaba na maji ya chumvi kinaila shaba.

#19 Mwl_Kemia
Fundi kwenye matone naafiki, kwenye klipu hapana, ni kinyume chake. Chuma na shaba vikikutana kwenye maji ya chumvi kinacholiwa ni chuma, shaba inabaki salama. Klipu itaota kutu nyekundu mapema. Ukijani pale klipu haikuusababisha.

Na hiyo chumvi hukuihitaji mkuu. Chumvi inashusha barafu chini ya sifuri, wewe unataka 20. Anza na maji ya bomba hivyo hivyo ya nyuzi 28 mpaka togwa ifike kama 40, hiyo ndio kazi kubwa na hayo maji hayagharimu barafu. Ndipo uhamie kwenye pipa la barafu tupu. Utatumia chini ya nusu ya barafu na koili haitaonja chumvi.

#20 MamaKuku_Pongwe
Habari za humu. Napita tu lakini nataka kuuliza, hiyo stoo iko jirani na nini? Nauliza kwa sababu nafuga kuku wa mayai na nyaya za taa bandani kwangu, pale ilipochunika plastiki shaba inageuka bluu ya kijani ndani ya miezi. Mtaalamu mmoja wa mifugo aliniambia ni hewa ya mavi ya kuku, amonia, ile inayokuchoma macho asubuhi ukifungua mlango.

#21 KimeaTanga
Mama umenishtua. Stoo inapakana na banda la mama mwenye nyumba, kuku kama arobaini, na juu kuna tundu la hewa la tofali za maua. Masika mavi yanalowa na harufu inaingia mpaka kwangu.

#22 Mwl_Kemia
Amonia inaishambulia shaba kweli, na shaba ya njano hata zaidi, hizo nati zako za kuungia mipira ziangalie kama zina nyufa. Sasa tuna watuhumiwa wanne: ndimu, bahari, chumvi ya barafu, kuku. Na wote wanaacha kijani.

#23 DuguMalti
Ile salfeti uliyofungia koili, yani mfuko, ilikuwa ya nini? Kama ni ya mbolea hapo pia pana amonia.

#24 KimeaTanga
Ya sukari, nilichagua makusudi.

#25 DuguMalti
Basi turudi kwenye ladha ya chuma maana wote mmeisahau, na mtu kamwaga lita 20. Sio lazima iwe koili. Maji yalikuwa ya wapi mpiko ule? Na kimea kilikuwa na umri gani toka kisagwe? Kimea kilichosagwa zamani mafuta yake yanaharibika na yanaleta ladha ile ile. Mimi nilibadilisha sufuria mbili bure kabla sijajua kimea changu ndio kizee.

Siku nyingine kabla hujamwaga, chovya kidole kwenye bia, paka nyuma ya kiganja, sugua mpaka pakauke, nusa. Ikiwa ina madini kweli utasikia harufu ya mkono ulioshika sarafu siku nzima. Kama hamna harufu hiyo, tafuta kwingine.

#26 KimeaTanga
Kimea kilikuwa kimesagwa kama wiki sita. Na maji, tenki langu lilikuwa limeisha, nilichota kisima cha jirani. Ndoo za kile kisima zina alama nyekundu kwa ndani.

#27 DuguMalti
Nyekundu ni chuma hicho ndugu. Pole sana.

#28 SahaniZaMoto
Kwa wenye kipozeo cha sahani kama mimi, nyie wa koili mshukuru, yenu mnaiona. Yangu ni sahani nyembamba zimebanwa pamoja, togwa inapita katikati, na humo huingizi brashi wala macho. Mara moja nilisuuza vizuri nikaona maji yanatoka meupe, nikaridhika. Baada ya wiki tatu nikaichemsha kwenye sufuria, nikapitisha maji kinyume, yakatoka majani ya hopsi meusi yamenuka kama mtaro. Bia mbili za nyuma zilikuwa zimechachuka na nilikuwa nalaumu hamira.

Siku hizi dakika ile ile ninapomaliza napitisha maji ya moto kinyume mpaka yawe meupe, nageuza napitisha tena, soda ya kufulia kwenye maji ya moto inazunguka nusu saa, suuza, halafu naitia kwenye oveni ikauke mpaka ndani. Ncha nafunga karatasi ya foili ikiwa bado ya moto. Asidi siilazi humo hata usiku mmoja kwa sababu sahani zimeunganishwa kwa shaba, asidi inakula maungio taratibu.

#29 MtuWaKaole
Kufunga ncha nakuunga mkono. Mwaka juzi niliacha ncha wazi zinaangalia juu, kumbe dondora amejenga. Nafungua maji hayapiti, nachokoa kwa waya unatoka udongo mkavu na mabuu. Toka hapo ncha chini na kipande cha khanga na raba. Khanga inazuia mdudu na inaruhusu unyevu utoke. Fundi anasema ziba kabisa, mimi naogopa kuziba.

#30 fundi_barabara12
Ukiziba ikiwa na maji umefungia ugonjwa ndani, hapo sibishani. Kavu kwanza ndio uzibe. Peleka gereji wakupulizie kompresa dakika tano ncha moja, weka kiganja ncha ya pili mpaka usikie hewa kavu.

#31 baridi_lushoto
Kompresa za gereji zinatema mafuta.

#32 fundi_barabara12
Ndani yanapita maji tu, si mlisema togwa haigusi? Ila kweli mafuta yakitoka yakaingia kwenye pipa mtayaona. Basi pampu ya baiskeli, na Tanga baiskeli hazijawahi kutuishia.

Na hiyo pampu ina kazi nyingine kubwa. Kwenye AC tuna kitu tunakiona sana, shaba inatoboka vitundu vidogo kuliko ncha ya sindano, ukiipasua unakuta vinjia vimezagaa ndani ya ukuta wa bomba kama kichuguu cha sisimizi, na jina lake ndio hilo, kutu ya viota vya sisimizi. Inaletwa na asidi kama za siki pamoja na unyevu na hewa. Kwa nje unaona kidoa tu. KimeaTanga ziba ncha moja, ncha nyingine piga pampu, zamisha koili yote kwenye beseni kama unatafuta pancha. Ikiwa imetoboka basi maji ya pipa yamekuwa yanaingia kwenye bia yako.

#33 KimeaTanga
Nimefanya leo jioni, naandika mikono bado imelowa.

Kwanza ule unga. Nilikwangua kwa wembe wa zamani, sehemu mbili tofauti. Wa kwenye klipu niliudondoshea siki haukufanya kitu, umeyeyuka kimya kimya siki ikageuka kijani hafifu. Wa kwenye mikunjo ya chini ulitoa povu, sio nyingi, vipovu vichache vilivyokwisha haraka, lakini nimeviona na mke wangu kaviona.

Halafu pancha. Ncha moja nimetia kizibo cha mpira na klipu, nyingine mpira wa pampu. Nikazamisha kwenye beseni kubwa la kufulia, nikapiga pampu taratibu. Mwanzo vikatoka vipovu vingi vilivyokuwa vimeng'ang'ania tu kwa nje, nikavifuta kwa kidole vikaisha. Nikapiga tena nikasubiri. Mzunguko wa tatu toka chini, upande wa ndani usioonekana, kipovu kimoja kikakua polepole mpaka kikawa kama punje ya mtama, kikaachia, kikaja kingine mahali pale pale. Nimehesabu kama kila sekunde nne kimoja. Juu yake palikuwa na kidoa cha kijani kidogo kuliko vyote.

Kwa hiyo mpiko ule wa mwisho, na sijui mingapi kabla yake, maji ya barafu ya Deep Sea yamekuwa yanaingia kwenye bia niliyowapa watu.

#34 Bi Dele
Pole mwanangu. Umefanya vizuri kutafuta.

#35 sahare_boy
Pole kaka, na mimi utani naweka chini. Swali langu la kweli, kwa nini maji yaingie kwenye togwa na sio togwa itoke?

#36 Mwl_Kemia
Swali zuri. Pampu inasukuma, ndani ya bomba msukumo ni mkubwa kuliko nje, kwa hiyo ni maji ndio yanayotoka kwenda kwenye togwa. Togwa ikiwa bado ya moto sana wadudu wa hayo maji wanauliwa, lakini ikishashuka chini ya nyuzi 60 hivi kila tone ni mbegu.

Ila KimeaTanga usiitwishe koili lawama zote. Kitundu kama hicho ni matone. Kingekupa uchachu au harufu, hata uchumvi kidogo, ladha ya chuma sidhani.

#37 DuguMalti
Ni kisima. Narudia, ni kisima.

#38 baridi_lushoto
Na povu la mikunjo ya chini ni kaboneti, yani unyevu wa kawaida tu, sio chumvi. Fundi unasemaje?

#39 fundi_barabara12
Nasema wa kwenye klipu haukutoa povu, huo ni chumvi. Kila mtu kapata chake hapo.

#40 MamaKuku_Pongwe
Na wa kuku hamjaupima.

#41 KimeaTanga
Fundi, je inazibika? Nina risasi ya kulehemu redio hapa nyumbani.

#42 fundi_barabara12
Acha kabisa. Ile ina madini ya risasi na hiyo koili inaingia kwenye kitu cha kunywa. Mimi naziba kwa fimbo ya shaba na fosforasi, shaba kwa shaba haihitaji hata dawa ya kusafishia kiungo. Lakini nakwambia kweli, kutu ya viota ikianza sehemu moja ina wenzake. Nikiiziba leo mwezi ujao utapata kipovu kingine. Kata mizunguko mitatu ya chini, iliyobaki mita 12 inakutosha. Njoo barabara ya 12 sikutozi, ila bia usiniletee.

#43 Mwl_Kemia
Na vile vipande utakavyokata usiuze chakavu. Kata vinne sawa, vyote visugue viwe sawa. Kimoja kisuuze vizuri kining'inize jikoni, kimoja kiachie ndimu bila kusuuza kiweke jikoni hapo hapo, kimoja kichovye maji ya chumvi, cha nne kisafi kabisa kiweke stoo. Andika tarehe.

#44 Bi Dele
Na cha tano kisugue kwa ukwaju ukianike juani.

#45 KimeaTanga
Nimekubali vyote vitano. Jumamosi nakwenda kwa fundi. Mpiko unaofuata nitatumia maji ya tenki, kimea kipya, barafu bila chumvi, na koili itaingia kwenye togwa robo saa kabla sijazima moto kama kawaida. Nitaiangalia ukijani mpaka vuli, vipande nitavipiga picha kila wiki mbili.

#46 MamaKuku_Pongwe
Cha stoo kitundike usawa wa lile tundu la hewa, sio chini.